Jazi ya treni, jazi ya meli

Naomba nianze kwa kuungama. Mwaka 2004, nikiwa darasa la nne, nilifuta muziki wa babu yangu.

Sikukusudia. Kulikuwa na wimbo mmoja wa bongo fleva niliokuwa nauwinda wiki mbili nzima. Jioni moja ukapigwa redioni, mimi niko peke yangu sebuleni pale Kirumba, na kaseti iliyokuwa karibu ni ya babu. Nikaipachika, nikabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja (wewe uliyezaliwa juzi, waulize wakubwa zako vitufe viwili vilikuwa vya kazi gani), nikarekodi. Kaseti ukitaka isirekodiwe tena unavunja vile vipembe viwili vya plastiki mgongoni mwake. Babu hakuwa amevivunja. Nadhani aliamini nyumbani kwake hakuna mtu wa kufanya jambo kama lile.

Alipogundua hakunichapa. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akausikiliza ule wimbo wangu mpaka mwisho, kisha akasema: "Mjukuu wangu, umeshusha abiria njiani." Nikacheka, nikidhani ananitania. Nilikuja kumwelewa siku nyingi baadaye. Upande ule wa kaseti alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino wa bluu: JAZI YA TRENI. Upande wa pili: JAZI YA MELI.

Babu alifariki 2011. Kaseti nikairithi mimi, mhalifu mwenyewe.

Sasa, kwa nini nayafukua haya leo? Ni kwa sababu ya mshikaji wangu mmoja wa Dar. Miezi michache iliyopita alikuja Mwanza kikazi, akanialika kwenye usiku wa jazz kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mambo yalikuwa mazuri tu: kinanda, saksafoni, besi, watu wanaongea kwa sauti ya chini kama wako msibani, na bia bei mara mbili. Katikati ya mazungumzo nikamwambia kwamba babu yangu alikuwa mpenzi mkubwa wa jazz. Akauliza, jazz ipi? Nikaanza kutaja: Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, Mara Jazz, Shirati Jazz... Jamaa alicheka mpaka akaweka glasi mezani. "Kaka, hiyo ni dansi. Wazee walilipenda jina tu."

Ndugu msomaji, nilinyamaza. Kuna kunyamaza kwa hekima na kuna kunyamaza kwa kukosa hoja. Kwangu kulikuwa huku kwa pili, na kwa mtu anayekula kwa kuandika habari ni aibu kubwa. Nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta.

Tuanze na hilo jina, maana ndilo lililoniumiza. Nilidhani jazz ni neno lenye mwenyewe. Kumbe huko huko Marekani neno lilianza kama msimu wa mitaani, likatumika kwenye habari za mchezo wa besiboli California kabla halijabandikwa kwenye muziki. Santuri ya kwanza kabisa yenye jina hilo, ya mwaka 1917, ilipigwa na bendi ya Wazungu watupu, wakati muziki wenyewe ni wa Weusi wa New Orleans. Na wakubwa wa muziki huo wengine hawakulipenda. Duke Ellington alikwepa kuitwa mpiga jazz. Max Roach naye alilikataa. Kwa hiyo wakati sisi tunachekwa kwa kulichukua, kuna waliokuwa wanalirudisha dukani.

Halafu kuna upande wa pili wa biashara hii ambao mshikaji wangu hakuujua, na nakiri hata mimi sikuujua. Mwaka 1958 John Coltrane alishiriki kurekodi kibao kiitwacho "Tanganyika Strut". Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi albamu yake "Uhuru Afrika", maneno yake yameandikwa na mshairi Langston Hughes, na sauti inayosikika ikisema Kiswahili ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Herbie Hancock na wenzake wakajipa kila mmoja jina la Kiswahili. Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali (angefaa sana kuishi hapa kwetu, mji wa mawe), mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, naye kweli alikuwa daktari. Hancock mwenyewe alijiita Mwandishi, na albamu yao ya 1971 ndilo jina lake. Mimi mwandishi wa Kirumba nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kuna aliyewacheka? Kuna aliyewaambia kwamba hawakijui Kiswahili, wamelipenda jina tu? Walichukua maneno yetu kwa sababu yaliwaambia kitu walichokihitaji wakati ule. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo, na walitangulia.

Walitangulia kweli. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932. Kabla yake kulikuwa na beni, zile ngoma za gwaride na tarumbeta zilizoanzia pwani ya Kenya na kuenea Tanganyika, watu wamevaa kama maofisa wa jeshi, kundi hili linashindana na lile. Vijana wa mjini, makarani na walimu, wakaichoka beni wakataka kitu cha kucheza wawili wawili. Santuri za Kuba zikaingia kwenye miaka ya 1930, zile zenye namba zinazoanza na GV. Vita vya Pili vikaisha, askari wakarudi kutoka Burma, baadhi na magitaa mkononi. Huko Leopoldville, Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz 1953, na 1956 ikazaliwa OK Jazz ya Franco na wenzake. Kote huko hakuna aliyekuwa anajaribu kumwiga Ellington akashindwa. Neno jazz lilimaanisha bendi ya kisasa, ya mjini, yenye magitaa na mapulizo, ambayo si ya kabila wala ya kanisa.

Hata hivyo kuna jambo jingine nililoliona nilipoyapanga majina mezani. Kilwa Jazz. Ulanga Jazz. Rufiji Jazz. Western Jazz. Zote za Dar es Salaam! Mtu ametoka Kilwa, yuko Kariakoo, hana ndugu, anawatafuta watu wa kwao, wanaunda klabu, klabu inakuwa na bendi. Western Jazz iliyoanza 1959 iliitwa hivyo kwa sababu mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega, na Nzega wakati huo ilikuwa Jimbo la Magharibi. Kwa maana hiyo jazz ya Dar ilikuwa barua ya watu wa bara kwenda nyumbani kwao. Sisi wa kanda hii tumezoea kusikia kwamba muziki unatoka Dar unakuja huku. Nani alianza kusafiri kwenda wapi, hilo tuliache kwanza.

Turudi kwenye kaseti. Kwa nini treni?

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kuanzia hapo kila kitu cha bara kilitufikia kwa behewa: chumvi, barua, walimu, na muziki. Na Tabora ilikuwa na muziki jamani. Mji mmoja wenye bendi tatu kubwa: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya Shem Karenga na mtindo wake wa Segere Matata. Hapa niseme neno kuhusu mitindo. Kila bendi ilikuwa na wake na jina lake: Western walikuwa na Saboso, Atomic Jazz ya Tanga walikuwa na Kiweke, Nuta wana Msondo, Mara Jazz ya Musoma wana Sensera. Mshabiki alijulikana kwa mtindo wake kama leo anavyojulikana kwa Simba na Yanga. Mtu wa Usukumani haoni ajabu hapo. Bagika na Bagalu wamekuwa wakishindana kwa ngoma tangu enzi za mababu wa mababu zetu, na mpaka leo ukienda Bujora mwezi wa sita wakati wa Bulabo utawaona, hawa na nyoka, wale na vituko vingine, kila upande unataka kuvuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo bendi mbili zikishindana mjini, huku kwetu ilikuwa ni kuwabadilishia watu ala tu. Mchezo wenyewe waliujua.

Babu alikuwa baharia wa meli za ziwani, lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa ukumbini. Bibi anasema mwaka 1981 bendi moja ya Tabora ilikuja Mwanza kwa treni ya jioni, na babu akaenda ukumbini na redio kaseti yake, akaiweka chini ya meza, akarekodi usiku ule. Huo ndio upande niliourekodia bongo fleva yangu. Haukuwa wimbo wa redioni ambao mtu mwingine anaweza kuwa nao. Ulikuwa usiku mmoja, ukumbi mmoja, chini ya meza moja.

Na muziki wenyewe ulifanyaje kazi? Hapa ndipo nilipomjibu mshikaji wangu kichwani kwa miezi kadhaa. Wimbo wa dansi wa zamani una nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya hadithi: mwimbaji anasimulia taratibu, ameachwa, amefiwa, amedhulumiwa mahari, wanaoitikia wanaitikia, gitaa la solo linazunguka kandokando yake kama mgeni mwenye adabu. Kisha wimbo unachemka. Rithimu inakaza, solo ya pili inaingia kwenye matundu yaliyoachwa na solo ya kwanza, besi inashuka, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, na maneno yanapungua mpaka yanabaki makelele ya kuhimizana. Hiyo nyumba ya pili haina urefu maalumu. Studio inaweza kuchukua dakika mbili. Ukumbini inakaa kadiri wachezaji wanavyotaka, na mpiga solo anaitunga palepale akiwaangalia miguu. Kama kutunga palepale mbele ya watu siyo jazz, basi naomba nielimishwe jazz ni nini.

Nitakubali kitu kimoja. Yule jamaa wa saksafoni kule hotelini alikuwa anazipita korodi ambazo mpiga solo wa Tabora hakuzihitaji, na mdundo wao unayumba kwa namna ambayo wetu hauyumbi. Ni lugha tofauti. Lakini hata Wamarekani wenyewe walifika mahali wakaichoka ile lugha. Ornette Coleman aliitupa korodi pembeni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 wanamuziki Weusi wa Chicago waliunda chama chao, AACM, ili wapige muziki wao wenyewe bila kumsubiri mwenye baa. Huko wanaiita jazz mbadala, na vitabu vinaandikwa. Mwaka mmoja kabla, 1964, chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kilianzisha bendi, Nuta Jazz, na mpiga gitaa akawa mfanyakazi mwenye mshahara wa mwezi! Baada yake zikafuata za jeshi, polisi, viwanda, vijana wa chama. Mpiga tarumbeta ana kitambulisho cha kazi. Sasa niambie, kati ya hao wawili, yupi alikuwa amekwenda mbali zaidi na desturi za biashara ya jazz? (Sisemi ulikuwa utaratibu wa peponi. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na mwanamuziki akihama aliacha gitaa alilolipiga miaka kumi.)

Sasa upande wa pili, meli.

Ukiwa mtoto wa Mwanza unafundishwa kwamba ziwa ni samaki. Kwa babu ziwa lilikuwa barabara. MV Victoria ilianza kazi 1961, ikizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na kabla yake zilikuwepo meli za mvuke kama Usoga na Rusinga. Reli ya Kenya ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, kwa hiyo kilichotoka Nairobi kilishuka Kisumu na kupanda meli. Na Nairobi ndiko santuri zilikokandamizwa, hata za bendi zetu. Bendi ya Tanganyika ikitaka santuri ilipanda basi kwenda Nairobi. Babu alikuwa akirudi kutoka Kisumu na sahani za santuri kazifunga ndani ya shuka ili zisipigwe na jua sitahani, maana zikipata joto zinapinda kama chapati. Nyingine aliagizwa na watu, nyingine zake.

Na katika hizo, alizozipenda kuliko zote zilikuwa za mtu wa upande wetu. Daniel Owino Misiani alizaliwa 1940 huko Shirati, kandokando ya ziwa, kaskazini mwa Musoma, ndani ya Tanzania. Inasimuliwa kwamba wazazi wake walikuwa watu wa dini walioliona gitaa kama chombo cha shetani, na gitaa lake la mwanzo likavunjwa. Akavuka mpaka kwenda Kenya, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa na kundi lake, ambalo dunia inalijua kwa jina la Shirati Jazz. Jina la kijiji chake, na jazz. Angalia tena ile kanuni ya Kilwa na Ulanga: uko ugenini, unataja kwenu.

Shirati Jazz haina tarumbeta. Haina saksafoni. Yaani mshikaji wangu angeizimia kabisa. Ni magitaa, besi inayokimbia kama mtu aliyechelewa meli, ngoma, na sauti mbili tatu. Muziki huu ndio benga. Gitaa la benga halipigwi kwa kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Linadonolewa uzi mmoja mmoja, haraka, na linaifuata sauti ya mwimbaji hatua kwa hatua, kisha mwimbaji akinyamaza linabaki linaongea peke yake. Wajaluo wanaisikia nyatiti hapo, ile ala yao ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake anakaa chini, amevaa pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu akigonga nayo ubao, njuga ziko mguuni. Mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma. Benga ilimgawa mtu huyo mmoja ikampa kila kiungo chake mshahara wake.

Misiani aliimba siasa kwa mafumbo, wanyama wakizungumza na visa vya Biblia, na zaidi ya mara moja serikali ya Kenya ilimkamata na kumkumbusha kwamba kwao ni ng'ambo ya mpaka. Alikwenda kupiga Uingereza mwaka 1987. Muziki wa benga ulifika mbali kuliko yeye mwenyewe. Mfanyabiashara wa muziki wa Kenya, Oluoch Kanindo, aliuza santuri zake mpaka kusini mwa Afrika chini ya lebo yenye jina la Sungura, na Wazimbabwe walipotengeneza muziki wao wa magitaa wa haraka wakauita sungura. Neno letu la Kiswahili, la mnyama wa hadithi zetu, leo ni jina la muziki wa taifa jingine. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala ya Igoma mpaka konda akaniangalia.

Misiani alifariki Mei 2006 kwa ajali ya gari mjini Kisumu. Nakumbuka babu alizima redio. Hakusema kitu, akaenda kukaa nje.

Kwa hiyo hii ndiyo Mwanza ya babu: mwisho wa reli, mwanzo wa maji. Kutoka kusini inakuja jazz ya Kiswahili yenye mapulizo, kutoka kaskazini inakuja jazz ya Kijaluo yenye nyuzi, na katikati kuna kijana wa Kisukuma ambaye haoni kwa nini achague. Alizigawa pande mbili za kaseti moja. Nimesoma mengi kuhusu muziki wa Afrika Mashariki kwa miezi hii, na mara nyingi dansi iko kwenye sura yake, benga kwenye sura nyingine, mpaka wa nchi katikati. Mpaka huo haukuwepo kwenye sebule yetu.

Ila kwenye nchi ulikuja kuwepo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa na kukaa hivyo mpaka 1983. Meli zikagawanywa. Njia ya Kisumu ikafa, na santuri nazo. Mbaraka Mwinshehe, ambaye jina lake lilikua akiwa na Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano, alikuwa Kenya alipopata ajali na kufariki karibu na Mombasa Januari 1979. Hata mkubwa wetu wa magitaa alifia upande ule kulikokuwa na mashine za santuri.

Hapa kwetu kilichobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio ya redio, ikarekodiwa kwenye mikanda mikubwa, ikapigwa hewani, na mikanda ikarudi kabatini. Nyimbo nyingi za miaka ile hazikuwahi kuwa santuri wala kitu cha kununua dukani. Ukitaka kuwa nayo unakaa na redio yako, kidole kiko kwenye kitufe, unasubiri mtangazaji amalize kuongea. Taifa zima lilikuwa linarekodi kaseti! Upande wa JAZI YA MELI wa babu umerekodiwa hivyo, benga kutoka idhaa ya ng'ambo iliyokuwa ikivuka ziwa usiku, na katikati ya kibao cha tatu unasikia kabisa mawimbi ya redio yanahama na jirani anakohoa.

Ndiyo maana sasa naliona kosa langu lilivyo. Muziki ule Dar umehifadhiwa kwenye makabati ya redio, Nairobi kwenye santuri, na Ulaya kwenye CD za wapenzi wa mambo ya kale. Huku Mwanza ulihifadhiwa kwenye kaseti za watu binafsi, juu ya kabati, chini ya kitanda, na sisi wajukuu ndio tuliopita na bongo fleva zetu tukirekodi juu yake. Sijuti kuipenda bongo fleva, ni muziki wa ujana wangu na bado nausikiliza. Najuta ile kaseti. Na nikiwauliza wenzangu wa umri wangu hapa mjini, kila wa tatu ana kesi kama yangu. Mmoja alizipasha moto santuri za baba yake akatengeneza vikapu vya maua kwa kazi ya mikono shuleni. Alipata alama nzuri.

Wiki iliyopita nilimpelekea rafiki yangu mwenye studio Nyakato ile kaseti. Akaifungua, akaibadilishia ganda, akasafisha utepe kwa uvumilivu ambao mimi sina, akauingiza kwenye kompyuta. Tukasikiliza. Upande wa treni unaanza vizuri: ukumbi, vigelegele, chupa zinagongana, sauti iko mbali kidogo kwa sababu ya ile meza. Nyimbo mbili kamili na mwanzo wa wa tatu. Mwimbaji ndio kwanza anaanza kusimulia, anasema jina la mwanamke... klik. Bongo fleva. Dakika nne na sekunde kadhaa, pamoja na mtangazaji anatutakia jioni njema na sauti yangu ya kitoto ikisema "tayari".

Halafu klik nyingine, na muziki wa babu unarudi. Sikuwa nalijua hilo. Miaka yote hii nilidhani nimefuta upande mzima, kumbe nilikula dakika nne tu, na wala babu hakuwahi kuniambia. Wimbo unarudi ukiwa tayari umechemka: magitaa mawili yanakimbizana, tarumbeta iko juu, hadithi ya yule mwanamke imekwisha wala hatutaijua kamwe.

Nikampelekea bibi kwenye simu. Alikuwa anachambua dagaa uani. Nikamwekea kipaza sauti karibu na sikio, akaendelea kuchambua. Zilipofika zile sehemu za kuchemka mikono yake ikasimama. Kuna mahali tarumbeta inakata na mtu mmoja, karibu sana na redio, anapiga kelele: "Tena!" Bendi inaanza upya.

"Huyo unamjua?" bibi akaniuliza.

Nikamwambia hapana.

"Huyo babu yako. Alikuwa hajui kucheza, kazi yake kupiga kelele tu." Akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua simu mwenyewe, akaiangalia kioo chake huku na huku akitafuta pa kubonyeza. "Irudishe nyuma," akasema. "Irudishe pale pale."